Mmea Ni Swali Moja, Chupa Ni Swali Lingine

AKINYI: Hamjambo wasikilizaji, karibuni. Tuko Kisumu, na leo tunakagua habari za tiba mbadala zinazotufikia kwa simu: video za TikTok za dawa ya kisukari, mabango ya WhatsApp ya unga wa nguvu za kiume, kurasa za Facebook za kambi ya kupima mwili mzima bila malipo. Barasa, msikilizaji akikutana na tangazo kama hilo aanzie wapi?

BARASA: Aanze kwa kutoka. Wengi wetu tunafungua ukurasa, tunausoma juu hadi chini, tunatazama kama umepangwa vizuri, halafu tunaamua kwa kutumia yale yale mwenye ukurasa aliyotuwekea. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walichunguza jinsi wanahistoria, wanafunzi na wakaguzi wa habari wanavyosoma tovuti wasizozijua. Wasomi waliobobea walivutwa na nembo na majina yenye heshima. Wakaguzi wa habari waliuacha ukurasa mapema, wakafungua kurasa nyingine pembeni kuona watu wa nje wanasema nini kuhusu mwenye tovuti.

AKINYI: Kwa hiyo shika majina matatu: la bidhaa, la kampuni na la huyo anayezungumza. Kisha ondoka. Kama ni Facebook, bonyeza jina la ukurasa, ingia kwenye maelezo ya kuuhusu, tafuta sehemu ya uwazi wa ukurasa. Utaona ulianzishwa lini, uliwahi kuitwa nani, na mara nyingi wasimamizi wako nchi gani. Kliniki inayojisifu kwa uzoefu wa miaka 20, ukurasa wake una miezi mitatu na mwanzoni ulikuwa wa kuuza viatu, hapo huhitaji kuendelea.

BARASA: Picha nazo zipitishe kwenye Google Lens, zana ya kutafuta kwa picha. Picha ya kabla na baada hutoka mbali sana, na mara nyingi utaikuta imetumika kuuza bidhaa nyingine kabisa. Halafu kuna video za kughushi, sura na sauti ya daktari anayejulikana au mtangazaji wa runinga akisifu tembe. Usipoteze muda kukodolea midomo macho uone kama inalingana na maneno. Fungua kurasa rasmi za mtu huyo au za taasisi yake, uone kama kauli hiyo ipo.

AKINYI: Tuzungumzie mihuri, kwa sababu ndipo watu waangalifu wanaponaswa. Mtu ameambiwa atafute alama ya ubora, anaiona, anatulia.

BARASA: Tuanze na HONcode. Shirika la Health On the Net la Geneva lilikuwa likizipa tovuti za afya nembo hiyo kwa kufuata kanuni kama kutaja mwandishi, chanzo na anayefadhili. Lilifunga kazi Desemba 2022. Ukiona nembo hiyo leo, hakuna anayeisimamia. Miongozo mingi ya zamani bado inamwambia msomaji aitafute, kwa hiyo hata mwongozo wenyewe uangalie umeandikwa lini.

AKINYI: Na anwani ya tovuti. Inayoishia na .org huuziwa yeyote mwenye pesa. Ya .go.ke au .ac.ke ina masharti, si ya kununua tu.

BARASA: Kuna pia hii ya "imesajiliwa na FDA ya Marekani", yaani mamlaka yao ya chakula na dawa. Kule, tangu sheria ya 1994, virutubisho vinaingia sokoni bila FDA kuidhinisha kwanza kwamba vinafanya kazi. Kiwanda kikijiandikisha kwa FDA, jina lake limeingia kwenye orodha, basi. Ndiyo maana chupa nyingi za huko zina maandishi madogo kwamba maelezo yake hayajatathminiwa na FDA na kwamba bidhaa haikusudiwi kutibu ugonjwa. Muuzaji wa hapa anaikata sehemu hiyo kwenye picha.

AKINYI: Cheti cha ISO 9001 nacho kinahusu jinsi kampuni inavyoendesha shughuli zake. Hakisemi dawa inaponya. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, tunaiheshimu na inafaa kuthibitishwa: andika SM, alama ya reli (#), halafu namba ya kibali, utume kwa 20023, jibu litakuambia kibali ni cha nani na cha bidhaa gani. Ila unga uliopata alama kama chakula, alama hiyo inahusu viwango vya chakula. Muuzaji akiongeza kwamba unaponya presha, ameongeza yeye.

BARASA: Na cheti cha mganga kutoka idara ya utamaduni kinamtambua kama mtu wa tiba za jadi. Hakijapima mizizi yake.

AKINYI: Sasa tufike kwenye kiini. Hatukuja hapa kuisema vibaya mitishamba. Magharibi mwa Kenya ina miti ambayo sayansi imeichukulia kwa uzito. Tofauti ambayo wauzaji wanaificha ni hii: mmea ni swali moja, chupa ni swali lingine. Chukua mmea wa artemisia. Huku ziwani malaria tunaijua, na chai ya artemisia inauzwa mtandaoni kama kinga na tiba. Muuzaji atakuambia Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa mmea huu. Ni kweli kabisa.

BARASA: Tuzo ilikuwa ya kupata artemisinini, kemikali iliyotolewa ndani ya majani.

AKINYI: Ndiyo, na chai ni kitu kingine. Kiasi cha artemisinini kwenye majani hubadilika kwa mbegu, udongo, wakati wa kuvuna na jinsi yalivyokaushwa, na kwenye maji haiyeyuki vizuri. Unapata dozi ndogo isiyojulikana. Homa inaweza kushuka siku mbili, vimelea vikabaki, ugonjwa ukarudi. Isitoshe, vimelea vinavyozoea dozi ndogo ndivyo vinavyozaa usugu. Ndiyo sababu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema haliungi mkono matumizi ya artemisia ya majani, chai au unga kwa malaria. Dawa tunayopewa hospitalini, AL, ina kipimo kamili cha artemetha pamoja na lumefantrini inayobaki mwilini muda mrefu kumalizia kazi, dozi sita kwa siku tatu.

BARASA: Mfano wa pili unaelekea upande mwingine. Prunus africana, ule mti wa msitu wa Kakamega ambao gome lake linauzwa kwa matatizo ya tezi dume. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 18 yenye wanaume 1,562, yakaona nafuu ya wastani: kuamka usiku kukojoa kulipungua, mkojo ukatoka vizuri zaidi. Kwa hiyo anayesema ni uongo mtupu, naye hakusoma.

AKINYI: Ila endelea kusoma mapitio hayo mpaka mwisho.

BARASA: Majaribio mengi yalikuwa madogo na mafupi, na walitumia dondoo iliyopimwa kiwandani, si gome lililochemshwa kwenye sufuria. Tena yalihusu uvimbe usio wa saratani. Mwanamume anayekojoa kwa shida hawezi kujua kwa kuhisi tu kama ni uvimbe wa kawaida au saratani. Akipata nafuu kidogo, akatulia mwaka mzima bila kupimwa, hapo ndipo hasara inapoingia, na mti wenyewe haujadanganya mtu.

AKINYI: Msikilizaji atauliza: sasa mimi nisome wapi kuhusu mmea? Kwangu mimi, anza na NCCIH, kituo cha serikali ya Marekani kinachochunguza tiba mbadala. Kina kurasa fupi kwa kila mmea: utafiti unasema nini, madhara, na dawa zisizochanganywa nao. Hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering ina hifadhidata ya mitishamba, nzuri sana kwa mgonjwa anayetumia dawa nyingine. Cochrane ina muhtasari wa lugha nyepesi bila malipo.

BARASA: Na Quackwatch. Stephen Barrett, daktari wa magonjwa ya akili, aliianzisha mwaka 1996, na tangu 2020 iko chini ya Center for Inquiry. Kama unataka kujua shule fulani ya "udaktari wa asili" ilifungwa lini, au mashine fulani ilipigwa marufuku wapi, utapata pale.

AKINYI: Naipenda, ila na tahadhari. Ni tovuti yenye msimamo, imeandikwa kwa ukali, na baadhi ya kurasa zake ni za zamani sana. Itumie kwa rekodi, hukumu za mahakama na historia ya bidhaa. Kwa swali la kama mmea unafanya kazi, nenda kwenye mapitio ya utafiti.

BARASA: Nakubali. Na unapotafuta, angalia unavyouliza. Ukiandika "faida za mlonge", utaletewa faida tupu, kwa sababu ndicho ulichoomba. Andika jina la kisayansi la mmea pamoja na neno Cochrane au NCCIH. Halafu tafuta tena, safari hii ukiongeza jina la dawa unayomeza. Ule mmea unaoitwa St John's wort, unaouzwa mtandaoni kwa huzuni, unashusha kiwango cha baadhi ya ARV na cha vidonge vya kupanga uzazi mwilini. Tangazo lake halitakuambia hivyo.

AKINYI: Ukiletewa utafiti, tazama umefanywa kwa nani. Seli kwenye sahani ya maabara, panya, au watu? Kama ni watu, walikuwa wangapi, na kulikuwa na kikundi cha kulinganisha? Kenya tuna somo letu la Kemron. Mwaka 1990 KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ilitangaza dawa hiyo ya UKIMWI mbele ya Rais Moi, nchi ikasherehekea. Majaribio yaliyofuata kwingineko, yenye kulinganisha, hayakuona faida. Kama taasisi ya taifa inahitaji wengine warudie kazi yake, video ya dakika moja inahitaji zaidi.

BARASA: Sasa chupa. Tovuti hizo za kigeni zinajua mmea, hazijui chupa iliyoletwa kwako na bodaboda. Hilo ni swali la Bodi ya Dawa na Sumu. Tovuti yake ina orodha ya bidhaa zilizosajiliwa. Tafuta jina kama lilivyoandikwa kwenye lebo, kisha linganisha jina la mtengenezaji, maana wengine huazima namba ya bidhaa nyingine.

AKINYI: Tatizo kubwa la chupa ni uchakachuaji, kuchanganya dawa ya hospitali kimyakimya ndani ya kile kinachoitwa asili. FDA ina orodha ndefu za bidhaa walizozikuta hivyo, na muundo wake ni ule ule. Za nguvu za kiume, sildenafili, dawa iliyomo kwenye Viagra. Za kupunguza uzito, sibutramini, iliyoondolewa sokoni Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya moyo na kiharusi. Za maumivu ya viungo, deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na diklofenaki ya kutuliza maumivu, kama walivyokuta kwenye kirutubisho cha Artri King mwaka 2022.

BARASA: Hiyo deksamethasoni ndiyo ya kuogopwa. Mama mwenye magoti mabovu anameza, siku ya pili anatembea, anawaambia majirani. Wiki zinapita, uso unavimba na kuwa mviringo, sukari inapanda. Akishtuka akaacha ghafla, tezi zake zilizokuwa zimeacha kutengeneza homoni haziamki mara moja: anatapika, presha inashuka, anaweza kuzimia. Mtishamba wa viungo unaofanya kazi haraka kama sindano, utilie shaka kwa sababu ya haraka hiyo hiyo.

AKINYI: Na mwenye dawa za moyo za aina ya naitreti akimeza sildenafili asiyoijua, presha inaweza kuporomoka mpaka afe.

BARASA: Tugusie ushuhuda. Mtu anaonyesha karatasi kwamba virusi vya HIV havionekani, anasema ni mizizi. Muulize kama alikuwa kwenye ARV. Kutoonekana ndiyo kazi ya ARV, na virusi bado vimejificha mwilini. Akiziacha, kwa kawaida hurudi ndani ya wiki chache. Kwa kisukari, kipimo kimoja cha kidole kinategemea ulikula nini na lini. Omba kipimo cha damu cha HbA1c cha kabla na baada, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi, pamoja na orodha ya dawa zote alizokuwa akitumia.

AKINYI: Na ile mashine ya kambi za bure, ya kushika fimbo ya chuma kisha kompyuta inakutolea kurasa za ini, figo na vitamini. Kabla ya kupima inauliza umri, urefu na uzito. Mtu akiingizwa mara mbili kwa umri tofauti, majibu yanabadilika, kwa sababu programu inabuni kutokana na hayo. Kazi ya figo hupimwa kwa damu na mkojo. Kupima ni bure kwa sababu duka liko meza inayofuata.

BARASA: Aliyekwisha kununua afanye nini?

AKINYI: Kwanza piga picha ya tangazo likionyesha tarehe na jina la ukurasa, maana hufutwa haraka. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa na usitupe chupa, hata ikiwa tupu. Bodi ya Dawa na Sumu inapokea ripoti mtandaoni. Madhara yana fomu ya manjano, dawa yenye ubora mbaya ina fomu ya waridi, na namba ya bechi ndiyo inayowasaidia kuifuatilia. Mfamasia wa hospitali ya kaunti anaweza kukujazia.

BARASA: Na kama ni ya viungo na umeitumia wiki kadhaa?

AKINYI: Usiache kuimeza ghafla kwa uamuzi wako mwenyewe. Nenda hospitali na chupa mkononi, mwambie daktari ulianza lini na unameza ngapi kwa siku, na useme wazi kwamba unahofia ina steroidi, ndipo akupangie jinsi ya kuishusha kidogo kidogo.