Kabla Gitaa Halijalia, Mkataba Uwe Umesainiwa

Asante sana, mwenyekiti. Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi wa muziki na wa kompyuta, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie ushirika wa makundi matatu ambayo kwa kawaida hayakai meza moja: wanamuziki wa roki, watu wa teknolojia ya burudani, na mashirika ya kusaidia watoto. Najua wengi mkisikia hivyo mnaona jukwaa, taa na msanii anayefuta machozi. Mimi nitawapeleka kwa mhasibu, maana huko ndiko watoto wanakopata au wanakokosa.

Tarehe 1 Agosti 1971, George Harrison, aliyekuwa mpiga gitaa wa Beatles, na Ravi Shankar, mwanamuziki wa India, walifanya maonyesho mawili kwa siku moja ukumbini Madison Square Garden, New York, kwa ajili ya wakimbizi wa Bangladesh. Watu wapatao 40,000 waliingia. Viingilio vilileta dola 243,418.50, zikaenda UNICEF. Hapo safi. Kasheshe ilikuja kwenye santuri na filamu. Utaratibu wa kulisajili tamasha lile kama shughuli ya hisani haukukamilishwa mapema, kwa hiyo mamlaka ya kodi ya Marekani ikayatazama mapato yale kama mapato mengine yoyote. Mamilioni ya dola yakakwama karibu muongo mzima. Mtoto aliyelala njaa mwaka ule, fedha zilipoachiwa, alishaota ndevu.

Sasa twende Bosnia. War Child, shirika la kusaidia watoto walioathiriwa na vita, lilianzishwa Uingereza mwaka 1993, vita vya Yugoslavia vikiwa vimepamba moto. Miaka miwili baadaye wakaja na wazo lililotokana na John Lennon, naye wa Beatles, ambaye mwaka 1970 alitunga na kurekodi wimbo kwa siku moja, ukawa dukani siku kumi baadaye. Wao wakasema: tufanye albamu nzima, tena kwa kasi zaidi. Jumatatu, 4 Septemba 1995, bendi za Uingereza za Oasis, Blur, Radiohead, Portishead na wenzao wakaingia studio, kila mmoja kwake. Prodyuza Brian Eno akawa miongoni mwa wasimamizi. Jumamosi ya wiki ile ile albamu ya Help ilikuwa madukani.

Hebu fikirini hapo kidogo. Oasis na Blur, mwezi mmoja tu kabla, walikuwa wametoa nyimbo siku moja wakigombea namba moja, magazeti yakichochea. Nyinyi mnaofuatilia bifu za Bongo Fleva mnaelewa ugumu wa kuwaweka watu kama hao kwenye diski moja! Na kila msanii ana lebo, ana meneja, ana mwanasheria. Kurekodi kwa siku moja kunawezekana. Wapiga gitaa hodari wako wengi. Kuwafanya wanasheria wote hao waachie haki za nyimbo kwa wakati, hilo ndilo lililonishangaza mimi. Albamu ilikusanya zaidi ya pauni milioni 1.25.

Lakini albamu huuza wiki chache, kisha inapoa. Mtoto wa vita hapoi kwa wiki chache. Hapa ndipo wenzetu wa michezo ya kompyuta wanapoingia. Kampuni ya Sports Interactive ya London, watengenezaji wa Football Manager, mchezo wa kompyuta ambamo mchezaji anakuwa kocha wa timu ya mpira, inaongozwa na Miles Jacobson, mtu aliyetokea kwenye muziki: aliwahi kufanya kazi Food Records, lebo ya Blur. Tangu toleo la 2006, sehemu ya fedha ya kila nakala inayouzwa huenda War Child, na jina la shirika huonekana kwenye mabango ya pembeni mwa uwanja ndani ya mchezo. Mchezaji hachangishwi, hahubiriwi. Ananunua mchezo wake, anaifundisha timu yake mpaka usiku wa manane, na hesabu inajiendesha. Jumla imeshavuka pauni milioni 1. Shirika hilo limefanya kazi hata Kongo na Uganda, kwa majirani zetu.

Kwangu mimi huu ndio mpango bora kuliko tamasha lolote, ingawa nao una tundu. Februari 2025 kampuni ilitangaza kwamba toleo la mwaka huo halitatoka kabisa. Lililofuata likaja Novemba. Asilimia ya bidhaa ambayo haipo ni sifuri. Kwa hiyo mkiandika mkataba wa kulipa kwa nakala, wekeni pia kiwango cha chini cha kila mwaka, bidhaa itoke isitoke.

Karibuni kwa maswali.