Kisufuria cha Maziwa Kinalala Mchana Kutwa

(Mhadhara kwa kikundi cha akina mama, Buhongwa, Mwanza)

Mwangaluka! Haya, wale mlionisikia Igoma mnajua nitakapoanzia. Vumilieni. Nasema kisufuria cha maziwa kinaweza kazi nyingine nyingi, siyo maziwa tu.

Kila nyumba hapa ina kile kisufuria chenye mkono. Asubuhi kinachemsha maziwa, dakika kumi, kinaoshwa, kinatundikwa msumarini mpaka kesho. Halafu mama huyohuyo anabandika sufuria ya kupikia wali wa ukoo mzima, anaijaza maji nusu, anatumbukiza yai moja. Yai moja! Kisha ananiambia mkaa umepanda. (Kicheko.) Mnacheka, lakini kopo la mkaa mnanunua nyinyi, siyo mimi.

Tuje kwenye dagaa. Nilikuja na rula. Kisufuria hiki kina upana wa sentimita 14. Kikaango chako kile kipana kina 24. Ili dagaa waogelee, tia mafuta ya kina cha sentimita 2. Humu ndani ni kama mililita 300, hata chupa ya soda haijai. Kwenye kikaango ni 900. Mara tatu, kwa dagaa walewale wa soko la Mwaloni! Na yale mafuta yakibaki unayafanyaje? Unakaangia tena, na tena, mpaka yanakuwa meusi kama oili ya bodaboda.

Mtasema wanaingia wachache. Wachache ndiyo, kaanga kwa mafungu. Mafuta machache yanapata moto haraka. Kabla hujamaliza kuchekecha unga wa ugali, fungu la tatu limeshatoka. Ila wakaushe kwanza. Ukiwaosha mchanga ukawatia wakiwa wamelowa maji, mafuta yanafura kama maziwa yanavyofura. Ndiyo maana nimesema sentimita 2, sikusema ujaze. Kuta za kisufuria ni ndefu kuliko za kikaango, hivyo hata yakiruka hayafiki mbali.

Sasa nawaona nyuso zenu. “Harufu! Maziwa ya mtoto yatanuka dagaa!” Bibi yangu kule Magu alikuwa na kibuyu chake cha maziwa, ukikitumia kwa kitu kingine utalala nje. Alikuwa na haki, maana kibuyu kinafyonza. Hii ni alumini, mama. Haifyonzi kitu. Kinachonuka ni mafuta uliyoyaacha pale mkono unapoungana na sufuria, mahali ambapo dodoki lako halifiki. Maji ya moto, sabuni, chokoa pale kwa kijiti. Basi.

Na limao? Limao linaondoa harufu, sikatai, lakini suuza. Mimi mwenyewe mwaka jana nilisugua kwa limao, nikasuuza kivivu, asubuhi nikamimina maziwa ya chai. Yakakatika. Mapande yanaelea kama sabuni ya mche iliyosahaulika kwenye beseni, na mkwe wangu ameketi sebuleni ametoka Sengerema tangu alfajiri. Alikunywa chai ya rangi. Hakusema neno, na huko kunyamaza kwake ndiko kulikoniuma. Tangu siku ile nasuuza mara tatu.

Kuna aliyeniuliza Igoma kwa nini nisinunue viwili tu, kimoja cha maziwa na kimoja cha dagaa. Nunua! Nani kakuzuia? Mimi nasema na yule mwenye kimoja, chumba kimoja na jiko moja.

Muda… mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi. Karanga za kukaanga kwa kikombe: humo humo, moto mdogo, koroga usiache. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya mtu mmoja anayesubiri ugali: humo. Kichwa cha sato supu: kinaenea kama sato si mkubwa; cha sangara usijaribu. Ukwaju pika, lakini usiulaze humo usiku, uchachu unakula alumini. Uji wa mtoto mnajua wenyewe.

Kwenye jiko kubwa la mkaa, ondoa makaa ya pembeni uyakusanye katikati. La sivyo unaunguza mkono wa kisufuria, na moto unapita ubavuni kwenda kupasha paa joto. Kwa gesi, moto usitokeze nje ya kitako.

Swali? Wewe wa kitenge cha kijani… Mkono unachezacheza? Kaza skrubu, dada. Bisibisi ninayo kwenye mkoba, njoo nikukopeshe.