Kobalti Chini ya Parseli Yako: Ni ya Nani?

Mama zangu na baba zangu wa Lubumbashi, ndugu wa Likasi na Kolwezi, jambo kwenu kutoka Bulaya. Leo tujibu lile swali: mtu akichimba kisima kwenye parseli yake akakuta lile jiwe jeusi la kobalti, ni lake?

Hapana. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 9, inaipa Leta (yaani serikali) mamlaka ya kudumu juu ya ardhi, vilivyo chini yake, maji na misitu. Sheria ya Migodi ya 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inasema madini yaliyo ardhini ni mali ya Leta peke yake. Na udongo wenyewe pia, tangu Sheria ya Ardhi ya 1973. Ile sertifika ya parseli mnayoificha sandukuni inawapa haki ya kukaa na kutumia, pamoja na nyumba mliyojenga. Haishuki chini.

Wengi wakisikia hivyo wanakata tamaa, wanapokea chochote wanachopewa. Msikubali! Kuwa ya Leta si kuchukuliwa bure.

Kwanza, umbali. Kifungu cha 279 cha Sheria ya Migodi kinamkataza mwenye kibali cha mgodi kukaa kwenye ardhi iliyo chini ya mita 180 kutoka nyumba, au mita 45 kutoka shamba lililolimwa, bila ruhusa ya mwenye nyumba au shamba hilo. Beba kamba, pima, andika.

Pili, malipo. Soma kifungu cha 281 polepole: mwenye mgodi akichukua ardhi yenu, analipa fidia *kwa ombi* la wenye haki, na *wao* ndio wanaochagua, kodi ya pango au thamani ya ardhi, ikiongezwa nusu yake. Ardhi ya dola 4,000 inadaiwa 6,000. Ukinyamaza, hujaomba. Na usitishwe eti huna sertifika: sheria inahesabu ardhi ambayo watu wamekuwa wakiitumia tangu zamani.

Kwa hiyo, andika barua ya kuomba fidia, iwe na nakala mbili, moja irudi kwako na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ambatanisha picha na hesabu ya kila kitu: miembe inayozaa kivyake, miche kivyake, kisima, choo, ukuta, mistari ya mihogo. Jirani na shefu wa kartie (mkuu wa mtaa) watie sahihi. Msipoelewana ndani ya miezi 3, fidia inapangwa na hakimu. Bila ile tarehe kwenye muhuri, miezi hiyo mtabishana ilianza lini. Karatasi yenye nafasi tupu ya kiasi cha pesa usiisaini hata siku moja.

Kinachowaangusha watu zaidi ni kuchimba wenyewe, kama mtaa wa Kasulo kule Kolwezi, mashimo mpaka chini ya vitanda. Uchimbaji wa mikono unaruhusiwa kwenye eneo lililotengwa tu, ukiwa na karti ya mchimbaji na ukiwa ndani ya koperativi. Nje ya hapo wewe ndiye mkosaji, na siku ya kupima thamani nyumba imeshapasuka.

Halafu kuna pesa ya wote. Katika kila dola 100 za mrabaha, yaani malipo ambayo wenye migodi wanatoa kwa ajili ya madini, 50 zinaenda serikali kuu, 25 jimboni, 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa serikali ya mahali penye mgodi: komini, sekta au shefri. Hizo 15 mziulizie kwa burgomesta (mkuu wa komini) kwa maandishi, mkiwa wengi, na nakala yenye muhuri ibaki mikononi mwenu.