Nani Anamjua Mtoto Huyu?

Mhadhara kwa wazazi na walimu wa shule za msingi, Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, na ninyi wazazi mliofunga biashara zenu mchana huu, asanteni sana kwa kuja.

Nimefundisha darasa la kwanza miaka 26. Kila Januari, wakati wa kuandikisha watoto, nikishamaliza jina, tarehe ya kuzaliwa na kadi ya kliniki, nilikuwa na swali langu ambalo halimo kwenye fomu: "Huyu akiogopa, hufanyaje?"

Wengi walinyamaza. Wengine walimgeukia mtoto: "Haya, mwambie mwalimu." Baba mmoja alinijibu kwamba mwanawe haogopi kitu, na wakati huo mtoto mwenyewe amejibanza nyuma ya suruali ya baba yake. Lakini nakumbuka mama mmoja, muuza maandazi, amekuja mikono bado ina unga. Alijibu papo hapo: "Akiogopa anasokota pindo la shati, halafu anaomba maji. Hana kiu, mwalimu. Mwite tu jina lake." Wiki ya pili ya masomo akaingia mkaguzi darasani, mtu mrefu, sauti nzito. Nikaona pindo la shati linasokotwa. Nikamwita jina. Akanitazama, akaliachia shati, akaendelea kuandika.

Nimeitwa kuzungumzia jinsi malezi yanavyojenga tabia ya mtu, na nataka huyo mama tuwe naye mpaka mwisho.

Tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tunasema pia samaki mkunje angali mbichi. Methali hizi mbili tumezoea kuzitaja pamoja, mpaka tukisikia neno kulea tunaona kukunja. Mimi fimbo nimeishika miaka mingi, sifichi. Nilichokiona ni kwamba mtoto aliyezoea kuchapwa husoma uso wa mwalimu kabla hajasoma ubao. Anajua kwa hatua zako tu, ukiwa bado huko kwenye korido, kama leo umeamka vizuri. Hayo nayo ni mafunzo, na huyabeba hadi ukubwani. Anakuwa mtumishi anayefanya kazi bosi akiwepo, mume anayeficha mshahara, mtu ambaye hawezi kusema "nimekosea" kwa sababu maishani mwake neno hilo lilifuatwa na kipigo.

Sasa twendeni Uganda. Mwaka 1954 alifika huko mwanasaikolojia Mary Ainsworth, akitokea London alikokuwa akifanya kazi na John Bowlby, daktari wa akili aliyechunguza watoto waliotenganishwa na mama zao. Sisi hapa tunajua kumwachisha mtoto ziwa kwa kupaka shubiri. Waganda walikuwa na desturi ya kumpeleka mtoto kwa bibi yake siku chache ili asahau kunyonya. Desturi hiyo ndiyo iliyomvutia. Alipofika akakuta watu wengi wameshaiacha. Akabadili kazi: akaanza kutazama watoto na mama zao katika maisha yao ya kila siku, kwenye familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala. Kila baada ya wiki mbili alikuja na mkalimani, wakakaa sebuleni muda wa saa mbili, mchana, wakati ambao akina mama wa Kiganda hupokea wageni. Baadhi ya familia alizifuata hivyo hadi miezi tisa. Kazi yake ilikuwa kutazama, kuuliza na kuandika.

Aliona watoto wa aina tatu. Wapo waliolia kidogo, wakamwacha mama na kutambaa kwenda kuchunguza vitu, kisha wakarudi kwake. Wapo waliolia mara kwa mara hata wakiwa wamebebwa, na kwenda mbali hawakutaka. Na wapo ambao hawakuonyesha bado kumtofautisha mama na watu wengine.

Akajiuliza: hawa wa kwanza, mama zao wana nini? Jibu lake ndilo lililonifanya nisimame hapa leo. Akina mama wale walikuwa wale ambao ukiwauliza habari za mtoto, maelezo yanamiminika yenyewe. Mama anakwambia mtoto anapenda kulazwa upande gani, kilio cha njaa kikoje na cha usingizi kikoje, jana alifanya nini alipomwona jogoo. Mama aliyemjua mtoto wake kwa undani ndiye aliyekuwa na mtoto mwenye utulivu. Nilipoyasoma hayo nilikuwa nimeshastaafu. Nikamkumbuka muuza maandazi wangu, nikatamani ningempelekea ule ukurasa.

Mnaweza kuniuliza, utulivu wa mtoto wa miezi kumi unahusianaje na tabia ya mtu mzima? Tazameni linalotokea. Mtoto analia, mtu anakuja. Si mara zote, wala si mbio, maana kuna moto jikoni na kuna ndoo bombani. Lakini anakuja, na mara nyingi amekisia sawasawa mtoto anataka nini. Likirudiwa mara elfu, mtoto anapata imani ambayo hajui hata kuitamka: nikiita, naitikiwa. Kwa imani hiyo atanyoosha mkono darasani na kusema sijaelewa. Kwa imani hiyo atamwambia rafiki "umeniumiza" badala ya kumpiga. Asiyeipata hujitafutia njia nyingine. Kuna anayeganda kwako usipumue, na kuna anayeacha kuomba kabisa. Huyu wa pili tunamsifu. Tunasema mtoto huyu mpole, hasumbui! Walimu wenzangu, nawaomba mmtazame vizuri mtoto asiyesumbua.

Waliokwenda Romania baada ya serikali ya dikteta Ceaușescu kuanguka mwaka 1989 wamesimulia ukimya wa aina hiyo. Nchi ile ilikuwa na watoto zaidi ya laki moja kwenye vituo vya serikali. Vyumba vimejaa vitanda vya watoto wachanga, na kilio hakuna. Walezi walipokezana zamu, watoto wengi kwa mlezi mmoja, na chakula na nguo za kubadilishwa vilikuja kwa saa zilizopangwa. Mtoto kulia hakukuleta mtu. Kuanzia mwaka 2000 watafiti waliwafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest. Kwa kura, nusu walipelekwa kulelewa kwenye familia. Waliotoka mapema, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, ndio waliopona zaidi, hata katika vipimo vya umeme wa ubongo. Basi mnaona, kushiba na kuvaa havikutosha. Palikosekana mtu wa kusema: huyu ni wangu, namjua.

Nimesema mama, mama, na naona akina baba mmeanza kutazama simu. Rudini. Kwenye kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuata watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955. Miongoni mwa waliokulia kwenye shida nzito, umaskini na ugomvi na ulevi nyumbani, theluthi moja hivi walikua watu wazima wenye kujiamini na wenye kujali wengine. Watoto hao walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyekuwa nao bega kwa bega. Kuna waliompata kwa bibi au shangazi, kuna waliompata kwa mwalimu.

Na katika nyumba zetu sisi, mara nyingi mtu huyo ni dada wa kazi.

Hapa nasema polepole, kwa sababu nazungumzia nyumba yangu. Binti yangu alikuwa na miaka mitatu. Mimi asubuhi shule, jioni vikao, na kutwa nzima alikuwa na dada. Siku moja nikagombana na yule dada kwa ajili ya chenji ya sokoni. Nikampa nauli, akaondoka alfajiri mtoto akiwa amelala. Niliona nimefanya busara, asimwone akaanza kulia. Alipoamka na kumuulizia, nikamwambia: "Dada amekwenda sokoni, atarudi."

Siku ya tatu nilichukua kikapu, nikasema nakwenda sokoni. Mtoto yule alipiga kelele ambayo sijaisahau. Akashika kikapu kwa mikono miwili, akajikunja juu yake. Ilikuwa hivyo kwa miezi. Usiku alilala na ndala moja ya dada iliyokuwa imebaki chini ya kitanda, na mimi nilimnyang'anya kwa kuwa ni chafu.

Baadaye nilisoma kwamba Bowlby mwenyewe alilelewa na yaya, mama yake akimwona kama saa moja tu kwa siku, na yaya huyo akaondoka mtoto akiwa na miaka kama minne. Akiwa mtu mzima aliueleza msiba huo. Nilifunga kitabu, nikakaa.

Mwaka 2023 Tanzania ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, na nilishangilia. Lakini mtoto wa kutwa naye anaweza kuachwa.

Binti yangu leo ni muuguzi, Mwanza. Mtu mkarimu, mwenye kazi nzuri. Ila mumewe akishika funguo tu, swali ni lile lile: utarudi saa ngapi? Siwezi kuapa kwamba lilianzia kwenye kikapu changu. Mwaka jana nilimsimulia yote, nikamwomba radhi. Jina la dada hakulikumbuka. Alikumbuka harufu ya mafuta ya nazi.

Mwezi uliopita dada wa nyumbani kwake alimaliza mkataba, anarudi kwao Singida. Mjukuu wangu ana miaka minne. Binti yangu alimwambia wiki nzima kabla, wakahesabu siku kwa vidole. Siku yenyewe wakamsindikiza wote hadi stendi ya Nyegezi, mtoto akampa dada picha aliyoichora mwenyewe. Basi lilipoondoka alilia pale pale, akalia ndani ya bajaji njia nzima mpaka akalala. Alipoamka jioni aliuliza kama dada ameshafika Singida. Wakampigia simu.