Upanga Ulionunuliwa Muscat: Jinsi ya Kujua Kama Ni wa Kale au wa Kitalii

Ndugu watazamaji, assalamu alaikum na karibuni. Mbele yangu mezani pana panga mbili, zote zimenunuliwa katika soko la Mutrah, mjini Muscat, na zote zilinadiwa kuwa ni za tangu enzi za Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856. Mmoja kati ya hizo ni wa kale kweli. Mwingine ulitengenezwa ili mgeni aununue na kwenda kuutundika ukutani kwake. Leo nitawaonyesha namna ya kuzipambanua kwa kutumia tochi ya simu, lenzi ya kukuzia, kitambaa cheupe cha pamba, mafuta ya cherehani na kalipa ya kupimia unene, ambayo mnaweza kuiazima kwa fundi yeyote wa mashine.

Upanga tunaouzungumzia umenyooka, una makali pande zote mbili, na mpini wake ni mrefu, wa mviringo, usio na kinga ya mkono. Waomani huuita kattara, na wazee wetu wa pwani waliujua kwa jina la upanga wa feleji. Msiuchanganye na kitara cha Kiswahili, ambacho ni upanga uliopinda, ingawa majina hayo mawili yanakaribiana sana.

Kabla ya hatua yoyote, nawasihi msiusafishe upanga. Niliwahi kuletewa upanga na jamaa yangu, nikausugua kwa msasa ili ung'ae, na ilipofika jioni nilikuwa nimefuta alama ya mhunzi iliyokuwa karibu na mpini. Alama ile hakuna awezaye kuirudisha, nami bado naisikitikia. Panguseni vumbi kwa kitambaa kikavu, basi.

Sasa tuanze na bapa, yaani sehemu ya chuma yenye makali, si mpini. Wanunuzi wengi huvutwa na fedha na ngozi ya mpini, nazo ndizo sehemu zinazobadilishwa mara kwa mara: ngozi huoza, sonara hubandua fedha na kuweka nyingine, ilhali bapa hudumu. Isitoshe, mabapa mengi ya zamani yaliyotumika Oman yalifika kwa biashara ya baharini kutoka Ulaya, hasa Solingen nchini Ujerumani, yakatiwa mipini huko huko Arabuni. Kwa hiyo mpini mpya si ushahidi kwamba bapa ni jipya, wala mpini uliochakaa si ushahidi kwamba bapa ni la kale.

Chukueni kalipa mpime unene wa bapa mahali patatu: karibu na mpini, katikati, na karibu na ncha. Tazameni upanga huu wa kwanza: milimita 5, kisha 3 na nusu, kisha 2. Mhunzi aliyelifua bapa kwa nyundo alilipunguza unene kidogo kidogo kuelekea kwenye ncha, ili upanga usiwe mzito mbele na uutii mkono. Huu wa pili una milimita 3 karibu na mpini, 3 katikati na 3 kwenye ncha, kwa sababu ulikatwa kutoka kwenye bati la kiwandani kama anavyokata fundi wa milango. Mimi naamini kipimo hiki kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wengi hulisahau. Kuna panga zilizotengenezwa kwa ajili ya razha, ngoma ya panga ya Waomani, ambayo mchezaji wake huutikisa upanga hadi bapa likatetemeka, kisha huurusha juu na kuudaka. Bapa la upanga wa namna hiyo ni jembamba mno, hupindika kwa urahisi, na makali yake ni butu. Mkikutana nao, msiuite wa kale, lakini pia si haki kuuita wa kitalii, kwa kuwa wenyewe wanautumia hadi leo katika harusi na sherehe zao.

Hatua inayofuata ni kutu. Dondosheni tone moja la mafuta ya cherehani juu ya sehemu yenye kutu, subirini dakika chache, kisha panguseni kwa kitambaa cheupe. Kwenye upanga wa kwanza kitambaa kimetoka na hudhurungi kidogo tu, na chuma kimebaki na weusi uliokolea, wenye vishimo vya ukubwa tofauti, vingine vikipita hadi ndani ya mifuo, ile mifereji iliyochongwa kwa urefu wa bapa. Kwenye upanga wa pili kitambaa kimejaa unga wa rangi ya chungwa, na chini yake chuma kinameta kama kipya: hiyo ni kutu ya chumvi au asidi, iliyopakwa ili kumdanganya mnunuzi. Na kama bapa lote linang'aa kama kijiko, wala halishiki kutu hata katika hewa ya pwani, huenda ni chuma kisichoshika kutu, ambacho Harry Brearley wa Sheffield alikitengeneza mwaka 1913. Sumaku haitawasaidia hapa, kwa sababu baadhi ya chuma hicho nacho hunaswa.

Sogezeni lenzi kwenye alama. Alama iliyogongwa kwa nyundo imezama, na kingo zake zimeinuka kidogo. Iliyochorwa kwa mashine ina kina kimoja kila mahali. Hata hivyo mbwa mwitu anayekimbia na nyuso za mwezi, alama mashuhuri za Ulaya, ziliigwa na wahunzi wengi, kwa hiyo alama peke yake haitoshi. Mkiona neno INDIA, kumbukeni kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1890 ndiyo iliyotaka bidhaa zinazoingia huko ziandikwe nchi zilikotoka, hivyo upanga huo kwa kawaida hauwezi kutangulia miaka hiyo.

Kwenye mpini angalieni skrubu zenye kichwa cha msalaba, zilizoenea kuanzia miaka ya 1930, na gundi ya kisasa inayochungulia pale msuka, yaani mkia wa bapa, unapoingia ndani ya mpini. Ala nayo itazameni mdomoni: upanga uliotolewa na kurudishwa kwa miaka mingi huacha ngozi na mbao zimelika.

Forodha za nchi nyingi huhesabu kitu kuwa cha kale kikizidi miaka 100, basi andikeni vipimo vyenu na mpige picha za bapa, alama na mpini kabla ya kusafiri nao. Mkimaliza, pakeni bapa mafuta kidogo, na msiuhifadhi upanga ndani ya ala yake ya ngozi kwa muda mrefu, kwani ngozi hushika unyevu na chuma huliwa bila ninyi kuona.