Wimbo Uliovuma Bendi Ikiwa Imekwisha Kuvunjika: The Zombies na Albamu Yao ya 1968

BARAKA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Leo tuko katika muziki wa pop wa Uingereza wa miaka ya sitini, na kwa makusudi tumewapita Beatles na Rolling Stones, ambao habari zao zimesimuliwa sana, ili tukae na vijana watano wa mji wa St Albans, kaskazini mwa London, waliojiita The Zombies. Dada Salma, wewe ndiye uliyeshikilia kwamba kipindi hiki kifanyike.

SALMA: Ahsante, kaka Baraka. Nilishikilia kwa sababu albamu yao, Odessey and Oracle, naipenda kuliko albamu nyingine yoyote iliyotoka Uingereza katika muongo ule, na ninasema hivyo nikiwa ninawaheshimu sana hao tuliowapita. Tahajia ya jina hilo, wasikilizaji, ambayo ingepaswa kuwa “Odyssey”, ni kosa la mchoraji wa jalada, nalo likaachwa hivyo hivyo hadi leo.

BARAKA: Tuwatambulishe kwanza. Rod Argent alipiga kinanda, Colin Blunstone aliimba, Chris White alishika gitaa la besi, Paul Atkinson gitaa, na Hugh Grundy akapiga dramu. Walianza wakiwa bado wanafunzi wa shule, na mwaka 1964 wakashinda shindano la bendi za Hertfordshire, jimbo lao, ushindi uliowafungulia mlango wa kampuni ya kurekodi ya Decca. Wimbo wao wa kwanza, “She's Not There”, ambao Argent aliutunga kwa ajili ya kurekodiwa, ulifika nafasi ya 12 Uingereza na ya 2 Marekani mwaka huo huo.

SALMA: Na tayari ndani ya wimbo huo mtu anasikia kitu ambacho bendi nyingi za gitaa za wakati ule hazikuwa nacho. Argent alikuwa ameimba katika kwaya ya kanisa kuu la St Albans, na kwaya ya namna ile humfundisha mtoto jinsi sauti nne zinavyoweza kwenda njia nne tofauti bila kugongana. Juu ya mafunzo hayo kuna sauti ya Blunstone, ambayo haipigi kelele hata kidogo, bali inatoka pamoja na pumzi, hivi kwamba hata anapolalamika humwoni kama mtu aliyekasirika, unamwona kama mtu ambaye bado anashangaa yaliyompata.

BARAKA: Lakini baada ya hapo mambo yalipoa.

SALMA: Yalipoa sana nyumbani kwao. “Tell Her No” uliingia katika kumi bora za Marekani mwaka 1965, ila Uingereza haukufika mbali, na nyimbo zilizofuata zikapita bila kuonekana. Wao wenyewe hawakuridhika na jinsi nyimbo zao zilivyokuwa zikichanganywa studioni, kwa hiyo mkataba wa Decca ulipokwisha, walihamia kampuni ya CBS mwaka 1967 kwa sharti moja: watayarishe albamu wenyewe. Walipewa takriban pauni 1,000, na fedha hizo zilikuwa chache mno kwa kazi waliyokusudia.

BARAKA: Fedha hizo chache ziliwapeleka studio za EMI, Abbey Road, katikati ya mwaka 1967, muda mfupi tu baada ya Beatles kumaliza kurekodi albamu yao ya Sgt. Pepper humo humo.

SALMA: Hapo ndipo pananifurahisha zaidi. Walikikuta studioni kinanda cha Mellotron, ambacho Argent amesimulia kwamba kilikuwa cha John Lennon wa Beatles, wakakitumia. Chombo hicho kina maajabu yake: chini ya kila kitufe kuna kipande cha tepu kilichorekodiwa filimbi halisi, au fidla, na ukibonyeza kitufe tepu inaanza kuzunguka, kisha baada ya takriban sekunde 8 inafika mwisho na sauti inakatika. Maana yake mpigaji hawezi kuishikilia noti apendavyo. Analazimika kutunga kwa vipande vifupi vinavyopokezana. Sikiliza filimbi zinazofungua “Changes”, au zile sauti za nyuzi katika “Hung Up on a Dream”. Bendi isiyoweza kulipa okestra ilijipatia okestra, na kwa masikio yangu ule mtetemo mdogo wa tepu unagusa kuliko fidla ishirini za kukodi.

BARAKA: Nikiri kwamba mimi ulinikamata wimbo wa kwanza kabisa, “Care of Cell 44”. Piano inaingia kwa uchangamfu, mwimbaji anamwandikia mpenzi wake barua, anamweleza jinsi anavyomsubiri, na msikilizaji anadhani msichana yuko safarini au masomoni, mpaka anapotambua kwamba yuko gerezani na anakaribia kuachiwa.

SALMA: Na angalia heshima iliyomo! Hatuambiwi kosa lake, hatuambiwi kama alionewa. Tunachoambiwa ni kwamba chumba kimeandaliwa na kwamba kuna mtu anayefurahi kumpokea. Kisha ala zote zinanyamaza na sauti za kuitikia zinabaki peke yake, kama ilivyo kwaya. Walipoutoa wimbo huu mwishoni mwa 1967, haukununuliwa, na mwezi Desemba bendi ikavunjika.

BARAKA: Wasikilizaji wengi hudhani walivunjika kwa ugomvi.

SALMA: Sababu kubwa ilikuwa riziki. Argent na White ndio waliokuwa watunzi, hivyo walikuwa na mirabaha ya nyimbo, ilhali wenzao watatu waliishi kwa kutegemea maonyesho, na maonyesho yalikuwa yamepungua. Atkinson alitaka kazi ya kudumu, na Blunstone akaenda kufanya kazi katika ofisi ya bima. Hata CBS ilipotaka albamu iwe katika stereo, Argent na White waliilipia kazi hiyo kutoka mifukoni mwao, bendi ikiwa inamalizika. Albamu ilitoka Aprili 1968, na waliokuwa wameirekodi walikuwa wameshatawanyika.

BARAKA: Ndipo anapoingia Al Kooper, mwanamuziki wa Marekani, aliyerudi kutoka London na santuri hiyo na kuwasisitizia wakuu wa Columbia, kampuni ya CBS huko Marekani, waitoe. Kwanza walichagua “Butcher's Tale”, wimbo ambao White mwenyewe anaimba kama askari aliyetetemeshwa na vita vya 1914, wakitumaini kwamba taifa lililokuwa vitani Vietnam lingeusikiliza. Haikuwa hivyo. Baadaye wakatoa “Time of the Season”, na mwaka 1969 ukafika nafasi ya 3 Marekani.

SALMA: Besi, kofi, kisha pumzi ya binadamu iliyotumika kama ala, na kinanda cha Argent kikipewa nafasi ya kutamba mara mbili. Mapromota wakawa wanazungusha Marekani bendi za bandia zenye jina lao, kwa kuwa ile halisi haikuwepo tena. Vijana wenyewe walikataa kurudiana. Argent alikuwa na bendi mpya na alitazama mbele.

BARAKA: Mimi ninailaumu CBS ya London kwa kutoitangaza albamu ipasavyo.

SALMA: Nami ninaona kwamba masikio ya 1968 yalikuwa yameelekea kwenye gitaa zito na bluzi ya sauti ya juu, na kazi ya upole kama hii ingepata taabu hata ikitangazwa. Ninachoshukuru ni kwamba mwezi Machi 2008 waliipiga albamu nzima jukwaani London, Argent, Blunstone, White na Grundy wakiwa pamoja, Atkinson akiwa amefariki mwaka 2004, na mwaka 2019 wakaingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, jumba la Marekani la kuwaenzi magwiji wa muziki wa roki. Atakayeisikiliza leo asianze na “Time of the Season”, ambao umewekwa mwisho kabisa. Aanze na ile barua ya gerezani, kisha aziache nyimbo zote 12 zifuatane kama walivyozipanga, maana hazifiki hata dakika 40.