Yule Mama Ukutani Si Mama Mkwe Wangu

Haya wapendwa, za huko nyumbani? Leo sitakuwa na maneno mengi, kesho naingia kazini alfajiri. Ila hili swali limenichosha. Nikiweka video ya bei za sokoni, mnauliza. Nikiweka ya vyumba vya kupanga, mnauliza. "Dada, huyo mama wa nywele nyeusi hapo nyuma yako ni nani? Ndiye mama mkwe?" Wenye midomo nao hawakosi: "Kawa Mhispania huyo, picha za kwao kazitupa." Picha ya mama yangu mzazi iko chumbani kwangu, na haiwahusu.

Huyu anaitwa Lola Flores. Ni marehemu, alifariki mwaka 1995. Mwimbaji, mcheza flamenko (muziki na ngoma ya kusini mwa Uhispania), mwigizaji wa filamu, na hapa Madrid hakuna mzee asiyemjua. Picha nimepewa na bibi ninayemhudumia, ambaye ni wa Jerez de la Frontera, mji alikozaliwa Lola mwaka 1923. Bibi huyu ukigusa rimoti wakati Lola yuko kwenye televisheni, siku hiyo dawa hanywi. Kwa hiyo nimemjua Lola kwa lazima, nikiwa kazini, na sidhani kama hiyo ni kujidai.

Wasifu wote siwasomei. Kwa ufupi, miaka ya 1940 alizunguka Uhispania nzima na Manolo Caracol, mwimbaji mkubwa wa flamenko aliyemzidi umri na aliyekuwa na mke wake nyumbani. Jukwaani wapenzi, nje ya jukwaa wapenzi, na ugomvi pande zote mbili. Walipoachana mwaka 1951, tajiri wa filamu Cesáreo González akampa mkataba ambao mpaka leo unatajwa kuwa wa peseta milioni 6, hela ya hapa kabla ya euro. Milioni 6, Uhispania ile iliyokuwa bado inatoka kwenye njaa! Akaanza kuvuka bahari, Mexico na kwingineko, huku filamu zinatoka.

Sasa hapa ndipo nilipotaka kufika. Hela.

Kuna kipande kimoja cha mwaka 1977 televisheni za hapa hazichoki kukirudia. Lola anacheza ukumbini, moja kwa moja hewani, hereni inamdondoka. Mwingine angemaliza wimbo huku anatabasamu. Yeye kasimamisha kila kitu. Anaangalia sakafuni, anamwambia mtangazaji kwa jina kwamba ile hereni haitaki ipotee, ameitolea jasho. Watu wanacheka na kupiga makofi, yeye hacheki sana. Bibi yangu kila akikiona anagonga mkono wa kiti: "Amesema kweli!"

Na huyo huyo aliyesimamisha onyesho kwa ajili ya hereni, serikali ilimfikisha mahakamani kwa kutowasilisha ritani za kodi ya mapato, mwaka 1982 mpaka 1985. Mahakama ya kwanza ikamwachia, Mahakama ya Juu ikamtia hatiani. Jela hakuingia. Utetezi wake ulikuwa kwamba mambo ya makaratasi hayajui. Wengi walimcheka, lakini fikirini: kodi hii ilianzishwa kwa sheria ya 1978. Alikuwa ameshaimba karibu miaka 40 kabla haijatungwa! Simtetei. Nasema tu kwamba wakwepaji walikuwa wengi, na akakamatwa anayejulikana mpaka vijijini, ili wengine watie akilini. Hayo ni maoni yangu.

Deni lilipombana akasema kwenye televisheni kwamba kila Mhispania akitoa peseta moja, labda atatoka. Wahispania walikuwa kama milioni 38. Yaani alitaka kuitisha mchango! Hapa imebaki kichekesho hadi leo, mtu akikosa hela ya kahawa anaigiza sauti yake. Mimi sikucheka. Kwetu ungeshaundwa mpaka grupu la WhatsApp, na mweka hazina ameshachaguliwa.

Najua komenti inayokuja: "Unalalamika wewe, si urudi?" Silalamiki. Ila mimi hapa nina waajiri wawili, asubuhi kwa bibi, jioni usafi wa ofisi. Kila mmoja ananikata kodi kidogo kana kwamba yeye ndiye mwajiri wangu wa pekee. Ikifika msimu wa ritani, ukomo wa mapato ya kutojaza ritani kwa mwenye waajiri wawili uko chini, natakiwa kujaza, na nadaiwa. Hela ambayo ningeituma nyumbani. Halafu kuna mwajiri wa zamani, simtaji, cheti cha mapato yangu hajaleta. Simu hapokei, ujumbe anasoma na kunyamaza. Na ndugu zangu wanaoandika "dada yuko Ulaya, anakula bata" wakati huo huo wananitumia namba ya kutuma ada.

Lola naye alikuwa hivyo, nyumba haikosi jamaa. Siku bintiye Lolita anaolewa, mjini Marbella, mwaka 1983, watu walijaa kanisani mpaka ibada ikavurugika, mama mtu akabaki kupiga kelele kwamba kama mnanipenda, ondokeni. Siku moja nitawaandikia hivyo hapa kwenye komenti.

Shangazi mmoja ameuliza kama na yeye akija afanye kazi mbili. Shangazi, mimi si mhasibu. Yangu yamekuwa hivi kwa mkataba wangu na mshahara wangu; kuna jirani yangu ana waajiri watatu na mwaka jana alirudishiwa hela. Uliza wanaojua, tena ukiwa na karatasi zako mkononi, usiende na video yangu.

Mkiona wiki ijayo nipo kimya, jueni nimepata miadi ya ofisi ya kodi. Zinavyogombaniwa, siwezi kuipoteza kwa ajili ya video.